Mdomo ulipinda ukarudi sawa, bado niende hospitali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana presha, tunaishi Mbagala. Majuzi asubuhi tunakunywa chai, ghafla kikombe kikamtoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, maneno hayaeleweki, anaongea kama mtu mwenye chakula mdomoni. Nikachanganyikiwa, niko nje natafuta bajaji, kama dakika 20 hivi akarudi sawa kabisa, nikamkuta anaosha vyombo. Mama mdogo anasema ni upepo, apakwe mafuta apumzike. Nimpeleke wakati keshapona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeshakutumia meseji umpeleke leo leo, hapa naandika kwa ajili ya wengine, maana swali hili naulizwa sana.

Kwa ulivyoeleza huo sio upepo. Inaelekea donge la damu liliziba mshipa wa ubongo upande wa kushoto, ndo maana mkono wa kulia ukaishiwa nguvu na maneno yakavurugika, halafu donge likayeyuka damu ikapita. Ni kiharusi cha mpito. Kinachoniogopesha, kiharusi kikubwa kinaweza kuja nyuma yake, na hatari inakuwa kubwa zaidi siku 2 za mwanzo, kipindi hichohicho watu wanamshukuru Mungu mama kapona na hakuna anayewaza hospitali.

Ikirudi, mwambie atabasamu uone kama mdomo unashuka upande mmoja, afumbe macho anyooshe mikono yote mbele uone kama mmoja unaporomoka, aseme sentensi fupi hata "leo nimenunua samaki Feri". Kimoja tu kikigoma, ondokeni. Pia kuyumba ghafla, jicho kutoona ghafla, au kichwa kupasuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata.

Na uangalie saa! Dawa ya kuyeyusha donge inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima apigwe CT scan kwanza kujua kama ni donge au mshipa umepasuka. Kwa hiyo asprini usimpe nyumbani, kama mshipa umepasuka utaongeza kuvuja. Maji, uji, dawa za kienyeji navyo acha, koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Ulizia mapema ni hospitali gani karibu na nyie ina CT scan, msije mkapoteza saa nzima kwenye foleni ya zahanati mnapimwa malaria. Mapokezi usiseme "mama anaumwa", sema mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, imeanza saa moja na nusu. Na ubebe dawa zake zote, hata zile alizoacha kunywa.

SWALI: Baba anakunywa dawa ya presha siku kichwa kikimuuma tu, anasema nyingine zinaharibu figo. Ni sawa?

JIBU: Sio sawa hata kidogo jamani. Presha ikipanda mara nyingi haiumi popote, mtu anatembea na 180 kwa 110 anajisikia freshi kabisa, na presha hiyohiyo isiyotibiwa ndo inayochakaza figo na mishipa ya ubongo. Anywe kila siku kama alivyoandikiwa. Kama dawa inamletea kizunguzungu au kikohozi arudi kliniki abadilishiwe, zipo za aina nyingi.