Kupima chuma kwa sauti: maswali yenu

*Shikamoo mhandisi. Mkaguzi alikuja karakana kwetu, akapaka jeli kwenye bomba kabla ya kuweka proba. Jeli ile ni ya nini?*

Marahaba. Proba ni kifaa kidogo kinachotuma sauti ndani ya chuma na kuipokea ikirudi. Sauti inayotumika hapo ni ya megahezi 2 hadi 5, na sauti kali namna hiyo haivuki hewa. Pakibaki uwazi mwembamba tu kati ya proba na bomba, yote inarudi ilikotoka. Jeli huziba uwazi huo. Maji au grisi nayo hufaa. Na ufa tunauona kwa sababu hiyohiyo: ndani yake mna hewa, sauti ikifika hapo inagonga na kurudi.

*"Mwangwi wa nyuma" ni upi? Nikiukosa, ina maana chuma ni kizima?*

Hapana, na naomba hili ulishike sana. Mwangwi wa nyuma ni sauti iliyofika upande wa pili wa chuma ikarudi. Mashine hupima muda wa safari, na kwa kuwa kasi ya sauti ndani ya chuma ni takribani mita 5,900 kwa sekunde, inapata unene. Kipande cha kusawazishia mashine, kiitwacho V1, kina unene wa milimita 25. Weka proba hapo kwanza, uhakikishe mashine inasoma 25. Sasa, ukiwa kazini mwangwi huo ukififia au ukapotea, simama. Huenda jeli imekauka, au uso una kutu. Lakini pia huenda kuna ufa uliolala mshazari, unaotupa sauti pembeni isiirudie proba. Nimeona vijana wakifurahia kioo cha mashine kikiwa kitupu na kusonga mbele. Rudia kupima mahali hapo kwa proba nyingine.

*Kwa nini proba za mshono wa weldi ni za nyuzi 45, 60 na 70?*

Ili sauti iingie mshazari, iugonge ufa au dosari nyingine uso kwa uso. Kingo za bamba zikikatwa kwa nyuzi 30, sehemu ambayo weldi haikushika hulala kwa mteremko huohuo, na proba ya 60 huipiga sawasawa baada ya sauti kudunda chini ya bamba. Kumbuka proba hizi hutumia mawimbi ya mkato, yaani yanayotikisa chuma kwa upande, na kasi yake katika chuma ni kama mita 3,240 kwa sekunde. Ukiacha 5,900 kwenye mashine, ufa utausoma mahali usipokuwepo.

*"Kushuka kwa desibeli 6" ni nini?*

Ni njia ya kupima urefu wa ufa: mwangwi wake kupungua hadi nusu ya kimo chake. Sogeza proba hadi ushuke nusu, weka alama, fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha pima umbali kati ya alama hizo mbili. Kwa ufa mdogo kuliko upana wa mwale, yaani mkondo wa sauti unaotoka kwenye proba, usiitumie. Utakuwa unapima mwale wenyewe.

*Bamba langu ni jembamba, kioo kimejaa kelele mwanzoni.*

Hilo ni eneo pofu: proba bado inatetemeka, haiwezi kusikia. Tumia proba ya fuwele mbili, moja itume, nyingine ipokee.