Nanomola 300 au 900: nichukue peptidi ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natumia NetMHCpan, programu ya kukisia mshiko, kutafuta peptidi (vipande vifupi vya protini) za virusi zinazoweza kushikwa na molekuli za HLA za daraja la kwanza, zile zinazoonyesha peptidi juu ya seli. Peptidi moja imepata nanomola 300 kwa aleli moja (aina moja ya HLA), lakini asilimia ya nafasi yake ni 3. Nyingine, kwa aleli tofauti, imepata nanomola 900 na nafasi yake ni 0.4. Nilifundishwa kwamba kikomo ni nanomola 500. Mbona namba zinagongana?

Jibu: Marahaba. Chukua ya 900.

Nanomola hapa inapima ukolezi wa peptidi unaohitajika ili ishikwe, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, peptidi inang'ang'ania zaidi. (Nimeshaletewa orodha nzima iliyopangwa kichwa chini, dhaifu wakiwa juu.) Tatizo ni kwamba aleli hazilingani kwa ukarimu. Kuna ambayo programu huipa peptidi nyingi namba ndogo ndogo, na kuna ambayo ni bahili. Kwa aleli yako ya kwanza, 300 si kitu cha kujivunia: ukiokota peptidi 100 za asili bila kuchagua, kama tatu hivi zitaishinda. Kwa ile ya pili, katika 1,000 ni kama nne tu zitakazoipita ya 900. Kikomo cha 500 ni rula moja inayopimia watu wote viatu. Kwa daraja la kwanza, nafasi ya chini ya 0.5 huhesabiwa mshiko wa nguvu na chini ya 2 mshiko dhaifu. Yako ya 3 imebaki nje.

Angalia pia nafasi hiyo umeisoma wapi. Ukiomba nanomola, toleo la 4.1 hukupa nafasi mbili, ya BA na ya EL. BA ni makisio ya nguvu ya mshiko. EL imefunzwa hasa kwa peptidi zilizobanduliwa kwenye HLA za seli halisi na kutambuliwa kwa kipima masi, kwa hiyo imeonja pia yanayotokea kabla ya mshiko, kama vile protini kukatwakatwa. Mimi huanza na EL.

Halafu usiiachie programu kila kitu. Soma herufi mwenyewe; kila moja ni asidi amino moja. Chukua GILGFVFTL, peptidi maarufu ya protini M1 ya virusi vya mafua, inayoshikwa na HLA-A*02:01. Herufi ya pili ni I, ya tisa ni L, zote zinakimbia maji. Hizo ndizo nanga zinazozama katika vishimo vya molekuli. Ibadilishe hiyo L ya mwisho iwe K, yenye chaji, uiendeshe tena: alama zitaporomoka. Lakini ukibadilisha herufi ya katikati, huenda mshiko usitikisike sana, ilhali seli T, askari wa kinga ya mwili, zikashindwa kuitambua peptidi, maana sehemu hiyo ndiyo inayowaelekea.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kushikwa ni kupanda jukwaani tu. Seli T zinaweza kuitazama peptidi na zisifanye lolote, hasa ikifanana na za mwili wenyewe, kwa kuwa seli T za kuishambulia kwa nguvu nyingi ziliondolewa mapema kwenye tezi ya thaimasi. Kwa hiyo ile ya 900 ilinganishe kwanza na protini za binadamu. Ukikuta inafanana herufi kwa herufi na mojawapo, ifute kabla hujaagiza itengenezwe.