Safina ya Nuhu na kisafina cha Musa

Ndugu, umeuliza kama safina ya Nuhu na kile kikapu cha mtoto Musa vina uhusiano, au mwalimu wenu anavuta maneno. Hapo hajavuta. Kiebrania kinatumia neno moja, teva, katika Mwanzo 6 hadi 9 na Kutoka 2, na halipo kwingine kokote katika Biblia ya Kiebrania.

Fungua Biblia ya Union, Kutoka 2:3, usome: "kisafina cha manyasi", kimepakwa "sifa na lami". (Sifa hiyo si ya kusifia! Watu wa pwani wanaijua: ni mafuta ya papa ya kupaka vyombo.) Mfasiri aliliona neno akalilinda. Tafsiri zinazoandika "kikapu" zinaeleweka haraka, ila uzi unakatika. Tazama pia kwamba teva haitajwi kuwa na tanga wala usukani. Aliye ndani haendeshi chombo.

Ila kwenye lami punguza mwendo. Kiswahili kina lami pande zote mbili, lakini kwa Nuhu ni kofer, kwa Musa ni zefet. Ukihubiri "lami ileile", umeteleza.

Na sanduku la agano si teva, ni aron, neno lilelile la sanduku alimowekwa Yusufu alipokufa Misri, Mwanzo 50:26.

Kwa hiyo mwalimu akitaja neno, mwombe na aya. Konkodansi, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalipo, itakuonyesha limetumika wapi kwingine.