Chomeka kwenye laini ya nje

Ukitaka swichibodi (mtambo unaogawa simu za ndani na nje) itumie mtandao wa simu za mkononi badala ya waya wa kampuni ya simu, unaiwekea kisanduku cha simkadi. Kisanduku hicho kinaingia kwenye tundu la laini ya nje la swichibodi, si la ekstensheni (simu ya ndani). Kisanduku chenyewe ndicho kinachotoa volti za laini, mlio wa kupigia na umeme wa kengele, kama ulivyofanya waya wa kampuni ya simu. Tundu la ekstensheni nalo linatoa hivyohivyo, kwa hiyo ukiyaunganisha hayo mawili simu haitoki wala haiingii, na unaweza kuunguza kadi ya swichibodi.

Mimi ni fundi wa mitambo hii, na kinachosumbua zaidi baada ya hapo ni laini kubaki imeshikwa wakati mpigaji ameshakata. Washa ugeuzaji wa polariti (chanya na hasi kubadilishana kwenye waya, ishara inayoonyesha simu imekatwa) kwenye kisanduku kama kinao, kisha seti swichibodi iutambue. Kama hakina, iseti itambue mlio wa bize. Na tafadhali ondoa PIN ya simkadi kabla hujaipachika. Antena isogeze mbali na swichibodi, la sivyo utasikia mvumo kwenye mazungumzo.

Hii ni kwa swichibodi yenye laini za analogi, yaani za waya wa kawaida wa simu. Ya IP tupu, inayopitisha simu kwa mtandao wa data pekee, inahitaji kifaa kingine.