Re: Honi ya boti inakwaruza, ninunue mpya?

Ndugu, usinunue bado. Ing'oe, iunganishe kwa waya mbili moja kwa moja na betri ya volti 12. Ikilia vizuri, honi ni nzima na ugonjwa uko njiani: fyuzi, swichi, au mara nyingi vichwa vya waya vilivyoota kutu ya kijani kwa chumvi. Visugue kwa msasa mpaka shaba ing'ae, vikaze, upake grisi kidogo kwa nje. Ndani ya honi usitie mafuta kabisa, kile kibati kinachotetema kitashika uchafu na sauti itafifia. Ukiirudisha, mdomo uinamie chini kidogo maji yasituame.

Kuhusu lini uipige, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, ziko wazi. Mlio mmoja mfupi, kama sekunde 1, ni "nageuza kulia". Miwili ni kushoto, mitatu ni mashine inarudisha nyuma. Mitano au zaidi, ya harakaharaka, ni "sielewi unachofanya". Kwa kuwa unavusha watu Kilindini, kwenye bandari ya Mombasa, huo ndio wa kuukariri: meli kubwa ikikupigia mitano pale mlangoni, mpishe hapo hapo, maana haina nafasi ya kukukwepa. Mvua nzito ikiziba macho, piga mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6, na isipite dakika 2 bila kuurudia.

Na tafadhali, usiitumie kuitia abiria. Manahodha wengine wakiizoea, siku ya hatari hawatageuka. Weka na filimbi karibu na usukani, betri ikifa unayo.