Sumu ya nyoka na nyuki: inauaje seli, inatibu nini?

Kaka yangu aliumwa na swila. Amepona, lakini nyama ya mguu ilioza. Mbona, ilhali alidungwa dawa ya sumu? (Msomaji, Makueni)

Mpe pole. Sumu ya swila anayetema ina protini ndogo ziitwazo sitotoksini, ambazo hujichomeka kwenye utando wa seli na kuutoboa. Humo pia mna kimeng'enya, fosfolipasi A2, kinachovunja mafuta ya utando huohuo. Seli hupasuka, yaliyomo yakamwagika, na mguu ukavimba. Hayo yote huanza mapema mno. Dawa ya sumu ni kingamwili zinazopitia kwenye mshipa wa damu: huikamata sumu iliyo kwenye damu, lakini hupenya kwa shida kwenye nyama iliyoumwa, na seli iliyokwisha kufa haifufuki. Kufunga kamba huzidisha madhara, kwa kuwa sumu hubaki palepale na damu haifiki. Vua pete na viatu, kiungo kitulie, kimbilia hospitali.

Kuna tumaini. Mwaka 2024 watafiti wa Sydney na Liverpool walionyesha kuwa dawa za jamii ya heparini (za kuzuia damu kuganda), zikidungwa mahali palipoingia sumu, hupunguza kuoza kwa ngozi ya panya. Kwa binadamu bado haijawa tiba.

Sumu ya nyuki huua saratani. Nijiumize kwa nyuki?

Usithubutu. Melitini, protini ndogo yenye asidi amino 26, ni karibu nusu ya sumu kavu ya nyuki. Ina chaji chanya, na seli nyingi za saratani huonyesha mafuta yenye chaji hasi upande wa nje, ndiyo maana huvutwa kwao. Mwaka 2020 maabara ya Perth, Australia, iliua kwa sumu hiyo seli za saratani ya matiti zilizooteshwa. Tatizo ni kwamba melitini hupasua chembe nyekundu za damu vilevile, na mwiba mmoja unaweza kumuua mwenye mzio.

Kuna dawa halisi zilizotokana na sumu?

Zipo (mwaka ni wa kuidhinishwa Marekani): kaptoprili ya shinikizo la damu (1981, chanzo ni nyoka jararaca wa Brazili), tirofibani ya moyo (1998), zikonotidi ya maumivu makali (2004, konokono wa baharini). Hizo haziui seli. Kila moja hulenga kimeng'enya kimoja, kipokezi kimoja au mlango mmoja wa seli tu.

Nikitia sumu kwenye seli ninazootesha maabara, nitajuaje zimejiua kwa mpango au zimepasuka? (Mwanafunzi, Dodoma)

Tumia aneksini V (protini yenye rangi, hushika mafuta yanayojitokeza nje ya seli inayojiua) pamoja na propidiamu iodidi (rangi inayoingia tu kwenye seli iliyotoboka), ila usipime saa 24 peke yake. Pima dakika ya 15, kisha saa 1, 6 na 24. Seli inayojiua hushika aneksini kwanza. Iliyotobolewa hushika rangi zote mbili kwa mpigo, kwa sababu aneksini imeingia kupitia tundu. Osha sumu kabisa kabla ya kutia rangi: bafa ya aneksini (maji ya chumvi ya kutilia rangi) ina kalsiamu, na fosfolipasi A2 huihitaji ili ifanye kazi, hivyo utaendelea kuua seli ukidhani unapima. Ongeza kizuizi cha kaspasi (vimeng'enya vinavyoendesha kujiua kwa seli) kwenye kundi moja. Vifo vikipungua, ni kujiua. Na daima pima kama sumu inapasua chembe nyekundu za damu kwa dozi ileile.