Maswali ya Wasomaji: Monita za Masikioni na Besi Iliyopotea

Barua tatu tulizochagua safari hii zinahusu iafoni zile za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, ambazo wanamuziki na mafundi mitambo huziita monita za masikioni. Tumeanza na ile ambayo jibu lake linagusa nyingine zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Mwanza. Kwa sababu ya kelele za spika za jukwaani nilinunua monita za masikioni za waya, zinazosifiwa na wengi kuwa zina besi nzito. Nikizivaa, besi siisikii kabisa; sauti ni nyembamba na kali, na upande wa kushoto ni mbaya zaidi kuliko wa kulia. Mwenzangu anayepiga gitaa akizivaa, anasema hajapata kusikia besi nzuri kama hiyo. Je, nimeuziwa bandia, au masikio yangu yana kasoro? *Mpiga kinanda, Mwanza*

JIBU: Ndugu mpiga kinanda, maneno ya mwenzako ndiyo yaliyonisaidia zaidi katika barua yako. Ikiwa monita zilezile zinatoa besi katika masikio yake na hazitoi katika yako, basi kifaa ni kizima, na sina sababu ya kuyatilia shaka masikio yako. Tatizo ni kwamba vipira ulivyovaa, yaani vile vifuniko laini vya nchani, haviyazibi matundu ya masikio yako sawasawa.

Kispika kilichomo ndani ya monita ni kidogo mno, mara nyingi kipenyo chake hakizidi milimita 10 hivi, na hakina uwezo wa kutikisa hewa ya chumba kama spika ya jukwaani. Kinaweza kutoa besi kwa sababu moja tu: kinaisukuma na kuivuta hewa kidogo iliyofungiwa kati ya kipira na kiwambo cha sikio. Pakiwapo upenyo, hata mwembamba usioonekana kwa macho, hewa hiyo hutoroka kabla ya msukumo kukifikia kiwambo, sawa na pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake ya ndani imechakaa: mkono unapanda na kushuka, lakini gurudumu halijai. Sauti za juu, ambazo mitikisiko yake ni ya haraka sana, haziathiriki kwa kiasi hicho. Ndiyo maana unabaki na ukali bila uzito, na ndiyo maana mtu anaweza kuilaumu monita kwa trebo (sauti za juu) nyingi wakati kilichotokea ni besi kuvuja.

Kuhusu upande wa kushoto kuwa mbaya zaidi, usishangae. Masikio mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani, na si jambo la ajabu mtu kuhitaji kipira cha kati upande mmoja na kikubwa upande wa pili. Vifurushi vingi huja na saizi tatu za vipira, na watu wengi hubaki na ile waliyoikuta imeshavalishwa kiwandani. Anza na kubwa kuliko unayoidhania, kisha punguza ikiuma.

Namna ya kuvaa nayo ina uzito wake. Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio la kushoto, ulivute taratibu kuelekea juu na nyuma huku ukiwa umefungua mdomo kidogo, kisha kwa mkono wa kushoto ingiza monita ukiizungusha polepole mpaka ikae. Ukiachia, sikio hurudi na kukishika kipira. Waya upite juu ya sikio na kushukia nyuma yake, si kuning'inia mbele, kwa maana waya unaoning'inia huivuta monita kidogo kidogo kila unapogeuza shingo, na mikwaruzo yake kwenye nguo husikika ndani. Kama vipira vya mpira vimekataa katika saizi zote, jaribu vya sponji: viviringishe kwa vidole mpaka viwe vyembamba, viingize upesi, halafu vishikilie kwa nusu dakika hivi mpaka vitanuke. Sponji huziba vizuri, ila hupunguza kidogo makali ya sauti za juu na huchakaa mapema, kwa hiyo zihesabu kama gharama ya kurudiarudia.

Ili ujue kama umefanikiwa, cheza sauti moja ya chini isiyobadilika, ya hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) kwa mfano, kutoka programu yoyote ya simu inayotoa sauti za majaribio. Ukiisikiliza, bonyeza monita taratibu kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla, bado kuna upenyo. Ikibaki karibu ileile, umeziba. Rudia jaribio hilo ukiwa unatafuna au unaimba kwa mdomo wazi, kwa kuwa taya linapotembea tundu la sikio hubadilika umbo. Monita iliyokaa vizuri kwa mtu aliyenyamaza inaweza kumwacha katikati ya ubeti. Wanaotengeneza monita za kupimiwa kwa umbo la sikio hulijua hilo, na ndiyo sababu mwimbaji huchukuliwa kipimo akiwa ameuma kitu cha kuuacha mdomo wazi.

Nakuomba jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza. Wanakwaya wengi huvaa monita upande mmoja na kuliacha sikio la pili liwasikie waumini. Sikio moja linapofanya kazi ya mawili, mtu huongeza sauti bila kujitambua, na lile lililoachwa wazi linaendelea kupigwa na spika za jukwaani. Afadhali uvae zote mbili na umwombe fundi mitambo akuwekee sauti kidogo ya kipaza sauti kinachoelekezwa kwa waumini.

SWALI: Mhariri mpendwa, nina iafoni mbili. Moja ni ya kispika kimoja, ya dola 20 hivi. Nyingine ni ya zawadi, inauzwa karibu dola 200 na ina vispika vitano kila upande. Dukani walinishauri niiache icheze saa 100 ili sauti yake ifunguke. Nikisikiliza kwa simu, nyakati nyingine naipenda ile ya bei rahisi, na naona aibu kusema hivyo mbele ya wenzangu. Nikichomeka kwenye miksa ya studio ndogo ya chuo chetu, ile ghali inabadilika sauti kabisa, wakati ile rahisi inabaki ilivyo. Nitapimaje ubora kwa haki? *Mwanafunzi, Mombasa*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, aibu hiyo iweke kando. Idadi ya vispika si kipimo cha ubora. Iafoni ya ER-4 ya kampuni ya Etymotic ya Marekani, iliyotoka mwaka 1991 na kuheshimiwa kwa miaka mingi na watu wanaojali usahihi wa sauti, ina kispika kimoja tu kila upande, cha aina iliyotokana na teknolojia ya vifaa vya kuwasaidia viziwi kusikia. Mwaka 2022 kampuni ya 7Hz ilitoa Salnotes Zero, yenye kispika kimoja na bei ya dola 20 hivi, na kwa maoni yangu uwiano wake wa besi, sauti za kati na trebo unazishinda iafoni nyingi za bei mara kumi. Vispika vitano vinahitaji kugawiwa masafa, yaani ngazi za sauti kuanzia besi mpaka trebo, na kuunganishwa kwa ustadi. Bila ustadi huo, unapata sauti tano zisizoelewana.

Saa 100 hizo usizihangaikie. Mabadiliko yanayoweza kupimwa katika kispika kilichochezwa muda mrefu ni madogo mno, na anayebadilika zaidi ni msikilizaji, ambaye huzoea. Mwenye kunufaika na ushauri huo ni duka, kwa sababu saa mia zikiisha, mara nyingi muda wa kurudisha mali nao umeshapita.

Swali lako la miksa ndilo lililonifurahisha. Iafoni yenye vispika vingi mara nyingi ukinzani wake wa umeme haulingani katika masafa yote: unaweza kuwa omu (kipimo cha ukinzani) chache mahali fulani na mara kadhaa ya hapo mahali pengine. Tundu la hedifoni la simu nyingi lina ukinzani mdogo wa ndani, hivyo tofauti hiyo haina madhara. Matundu ya hedifoni ya miksa nyingi yana ukinzani mkubwa zaidi, wakati mwingine makumi ya omu, na hapo umeme hugawanyika kwa namna tofauti katika kila eneo la masafa, kana kwamba mtu amegusa ekwalaiza, kile kirekebishi cha besi na trebo. Iafoni ya kispika kimoja cha kawaida, ambayo ukinzani wake hauyumbi sana, hubaki na sauti yake. Kwa hiyo hukukosea kusikia. Masikio yako yamegundua jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi.

Sasa kuhusu kulinganisha kwa haki. Kwanza hakikisha zote mbili zimeziba, kwa jaribio nililomweleza msomaji wa Mwanza, na kama shingo za iafoni hizo, yaani vile vijineli vinavyovikwa vipira, zinaruhusu, tumia vipira vya aina moja. Pili, sawazisha ukubwa wa sauti, na hapa ndipo walio wengi hupotea. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio la mwanadamu husikia besi kidogo sauti inapokuwa ndogo na husikia zaidi inapokuzwa. Maana yake ni kwamba iafoni inayopaza zaidi, hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili, itaonekana imejaa na ina uhai zaidi bila kuwa bora. Simu ikiwa kwenye alama ileile ya sauti, iafoni mbili haziwezi kutegemewa kulingana. Cheza sauti ya mtangazaji wa habari, urekebishe kila moja mpaka maneno yasikike kwa nguvu sawa, kisha ndipo uingie kwenye muziki. Ubaguzi wa bei hutaweza kuuondoa wote, kwa sababu hata ukifumba macho sikio litaitambua kila moja kwa umbo lake.

Chagua muziki unaoufahamu na unaokuuliza maswali tofauti. Orkesta ya taarabu ya Unguja, kama Culture Musical Club, inafaa sana kwa besi, kwa sababu besi yake kubwa ya kusimama hupigwa kwa vidole: katika iafoni nzuri utasikia kidole kinavyouachia waya, kisha utaufuata wimbo wa besi nota kwa nota, katika iafoni mbovu kila nota ni mdundo uleule mzito usio na jina. Ganuni, ala ile ya nyuzi nyingi, huiumbua iafoni yenye trebo iliyozidi, kwani nyuzi zake hugeuka kuwa vipande vya bati. Msikilize pia mwimbaji wa kike katika maneno yenye s na sh. Yakikuchoma, kuna mwinuko mahali fulani kati ya hezi 5,000 na 9,000, ingawa kabla ya kuhukumu jaribu kuisogeza iafoni ndani kidogo zaidi, maana kina cha kuvaa huuhamisha mwangwi wa tundu lililozibwa, na ukali unaweza kupungua au kuhama. Kisha weka kwaya ya sauti nne, uikamate sauti ya tatu uifuate mpaka mwisho. Ukiipoteza kila soprano zinapopanda, sauti za kati zimefunikwa.

Ukikutana mtandaoni na michoro ya masafa, inayoonyesha iafoni inatoa kila ngazi ya sauti kwa nguvu kiasi gani, usitarajie mstari ulionyooka. Sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za karibu na hezi 3,000, na ukiliziba unaliondolea ukuzaji huo, kwa hiyo iafoni iliyotengenezwa vizuri hurudisha mwinuko mahali hapo. Mstari wa mfano unaorejelewa zaidi ni ule wa watafiti wa kampuni ya Harman, akiwamo Sean Olive, uliotokana na kuwauliza wasikilizaji wanapendelea nini. Mimi huiamini michoro hiyo kuhusu besi na sauti za kati. Juu ya hezi 8,000 naiangalia kwa tahadhari, kwa kuwa inapimwa kwa sikio la bandia la chuma, na lako si hilo.

SWALI: Mhariri, binti yangu anasikiliza masomo na muziki kwa iafoni kutwa nzima. Sasa upande wa kulia umefifia. Fundi wa mtaani anataka kuifungua. Nimruhusu? *Mama wa Morogoro*

JIBU: Mama, asifungue kwanza. Mwambie binti akichukue kile kipande cha kulia akivae sikio la kushoto, na cha kushoto akivae la kulia, kwa dakika moja tu, hata kama hakitakaa vizuri. Ikiwa kipande kilichofifia kinafifia pia katika sikio la pili, kosa ni la kifaa, na mara nyingi chanzo ni nta ya sikio iliyoziba wavu mdogo ulio kwenye shingo yake. Vua kipira, elekeza wavu chini ili uchafu usirudi ndani, usugue taratibu kwa mswaki laini na mkavu. Usitumie sindano wala maji katika wavu. Vipira pekee ndivyo vya kuoshwa kwa sabuni, na virudishwe vikiwa vimekauka kabisa.

Ikiwa sikio la kulia linasikia kidogo hata kwa kipande kizima, mpeleke hospitali aangaliwe na daktari wa masikio, kwani huenda nta imesukumwa ndani au kuna jambo jingine, na kijiti cha pamba kitazidi kuisukuma. Kama kufifia huko kumetokea ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke leo.

Kuhusu hiyo kutwa nzima, Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kwa desibeli 90 saa hizo hushuka mpaka 4 tu. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya mipangilio inayoweka kikomo cha sauti. Kiwekeni pamoja, vipira vikiwa vimeshaziba, kwa sababu akiwa na vipira vinavyovuja atakuwa anadai sauti zaidi ili kuitafuta besi ambayo haipo.